Kiitaliano cha Mazungumzo kwa Msemaji wa Kiswahili

Msemaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kiitaliano ana mtaji ambao vitabu vingi vya kujifunzia havimwambii kuwa anao, kwa sababu vitabu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kiingereza, na matatizo yanayotatuliwa humo ni matatizo ya watu hao. Mwanafunzi wa Tanga au Mombasa anayevipitia hujikuta akisoma kurasa nzima zinazomweleza kwamba irabu hutamkwa wazi, kwamba kitenzi chaweza kusimama bila kiwakilishi cha nafsi, na kwamba kivumishi hupatana na nomino yake, mambo ambayo ameyafanya tangu alipoanza kusema. Ilhali yale yanayomtatiza yeye hasa, kama vile konsonanti zinazovutwa na namna ya kutaja saa, hupitiwa kwa haraka au huachwa kabisa. Mwongozo huu unashika njia nyingine: unatoka kwenye Kiswahili moja kwa moja hadi Kiitaliano, na unalenga mazungumzo ya kila siku, yaani kusalimiana, kununua, kuomba msaada, kujieleza na kuelewa jibu linalotolewa.

Haja ya mazungumzo hayo ipo Afrika Mashariki kwenyewe. Malindi na Watamu Waitaliano wamejenga nyumba na kufungua hoteli kwa miongo mingi, na ni kutoka jukwaa lao la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ndiko ilikorushwa tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Kimarekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Pwani ya mashariki ya Unguja, hasa Kiwengwa, hupokea watalii wengi kutoka Italia. Na katika sehemu za Nyeri na Iringa wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901, wameishi na wenyeji kwa zaidi ya miaka mia moja. Wako pia wanaokwenda Italia kwa masomo, kwa kazi au kwa ndoa, na hao huihitaji lugha hii tangu siku ya kwanza wanaposhuka uwanja wa ndege.

Kiitaliano kinachofundishwa ni lugha sanifu iliyojengwa juu ya lahaja ya Firenze, aliyoitumia Dante Alighieri (1265–1321) katika maandishi yake, kama Kiunguja kilivyokuja kufanywa msingi wa Kiswahili sanifu, ingawa kule kazi hiyo ilifanywa na vitabu kwa karne nyingi na huku ikafanywa na kamati katika miaka ya 1930. Italia ilipounganishwa kuwa dola moja mwaka 1861, raia walio wengi hawakuweza kuisema lugha hiyo; shule, jeshi, uhamaji na hatimaye televisheni ya taifa, Rai, iliyoanza matangazo ya kawaida tarehe 3 Januari 1954, ndivyo vilivyoieneza, na katika miaka ya 1960 mwalimu Alberto Manzi aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika kwa kipindi cha televisheni kiitwacho *Non è mai troppo tardi*, maana yake “hakuna kuchelewa kamwe”. Waitaliano wengi, kwa hiyo, waliijua lugha yao ya taifa ukubwani, na lahaja za Napoli, Sicilia au Veneto bado zinasikika majumbani na sokoni. Anayeanza asivunjike moyo akisikiliza wazee wawili wa Napoli na kutoambulia kitu, kwa maana hata mtu wa Milano aweza kuwa katika hali hiyo hiyo.

Sauti na maandishi

Irabu za Kiitaliano huandikwa kwa herufi tano zile zile za Kiswahili na husomwa karibu vile vile; tofauti ni kwamba *e* na *o* zina namna mbili za kutamkwa, ya kufumba na ya kufumbua kinywa, jambo ambalo Waitaliano wenyewe hulitofautisha kwa kufuata mkoa, na ambalo anayeanza anaweza kuliacha bila hasara. Maneno mengi huishia kwa irabu, kama ya Kiswahili, na sikio la msemaji wa Kiswahili hulipokea umbo hilo kwa urahisi.

Kinachomkwaza ni maandishi, na hasa alama moja. Katika Kiitaliano herufi *c* ikifuatwa na *e* au *i* husomwa kama “ch” ya Kiswahili, hivyo *cena*, chakula cha jioni, husomwa “chena”. Lakini *ch*, kinyume kabisa na mazoea ya msomaji wa Kiswahili, husomwa “k”, hivyo *che*, lenye maana ya “nini” au “kwamba”, husomwa “ke”, na *chiesa*, kanisa, husomwa “kieza”. Mazoea ya miaka mingi hayaondoki kwa kuambiwa mara moja, na ndiyo maana inafaa mwanafunzi, katika wiki ya kwanza, aandike maneno ishirini au thelathini kwa tahajia ya Kiswahili kando ya tahajia ya Kiitaliano, ayasome kwa sauti kila siku, kisha aifute ile ya Kiswahili ulimi utakapokuwa umezoea. Sauti nyingine zinazoandikwa kwa namna ngeni zipo tayari katika Kiswahili: *gn* ni “ny”, kama katika *bagno*, bafu, *sc* mbele ya *e* au *i* ni “sh”, kama katika *pesce*, samaki, *g* mbele ya irabu hizo hizo ni “j”, kama katika *gelato*, aiskrimu, na *gli* hukaribia “lyi”, kama katika *figli*, watoto. Herufi *h* haitamkwi kamwe, hata katika *ho*, “nina”, ambalo husomwa “o” tu.

Mkazo, yaani nguvu inayowekwa kwenye silabi moja ya neno, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho katika Kiswahili, na maneno mengi ya Kiitaliano hufuata desturi hiyo. Yapo, hata hivyo, yanayouweka mkazo mapema zaidi, kama *telefono*, ambalo nguvu yake iko kwenye *le*, na *macchina*, gari, ambalo nguvu yake iko mwanzoni kabisa. Na yapo yanayoumalizia kwenye silabi ya mwisho, na haya huandikwa na alama juu ya irabu, kama *città*, mji, na *perché*, kwa nini. Kiswahili kina mfano wake katika “barabara”, ambalo kwa mkazo wa kawaida ni njia ya magari, na kwa mkazo uliosogezwa nyuma huwa “sawasawa kabisa”. Kiitaliano nacho kina *ancora*, ambalo likikaziwa mwanzoni ni nanga na likikaziwa katikati ni “bado” au “tena”. Kwa kuwa mkazo wa mapema hauandikwi, kamusi ya maneno hayo ni sikio: neno jipya lisikilizwe kwanza kabla ya kusomwa.

Jambo zito kuliko yote katika matamshi ni konsonanti maradufu, yaani konsonanti iliyoandikwa mara mbili, ambayo hutamkwa kwa kuzuiliwa kinywani kwa muda mrefu zaidi. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa njia hii ila kwa uchache, kama ulimi unavyosimama kidogo katika “nne”, lakini msomaji aliyepitia madrasa anaijua sauti hiyo vyema kwa jina la shadda, alama inayomtaka msomaji wa Kurani aishikilie herufi kabla ya kuiachia, na anachohitaji ni kuichukua shadda hiyo na kuiweka kwenye Kiitaliano. Asiyeishikilia hubadili maana: *sete* ni kiu na *sette* ni saba, *pala* ni koleo na *palla* ni mpira, *capello* ni unywele mmoja na *cappello* ni kofia, *nono* ni wa tisa na *nonno* ni babu. Anayetaja umri wake lazima aishikilie *n* ya *anni*, miaka, kwa sababu bila kuishikilia neno hilo huwa jina la sehemu ya mwili isiyotajwa mbele za watu. Zoezi linalofaa ni kujirekodi kwa simu ukisoma jozi hizo na kujilinganisha na sauti ya Mwitaliano, kwa maana mtu aghalabu hudhani ameivuta konsonanti kumbe hakuivuta. Na wale ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi “r” na “l” wafanye zoezi la ziada kwa *mare*, bahari, na *male*, vibaya.

Kitenzi na mnyambuliko wake

Katika Kiswahili mtendaji huonyeshwa kwa kiambishi kilichotangulia shina la kitenzi, na katika Kiitaliano huonyeshwa kwa kiambishi kilichokuja mwishoni. *Parlo* ni “ninasema”, *parli* ni “unasema”, *parla* ni “anasema”, *parliamo* ni “tunasema”, *parlate* ni “mnasema” na *parlano*, lenye mkazo mwanzoni, ni “wanasema”; na kwa kuwa mwisho wa neno umekwisha kumtaja mtendaji, kiwakilishi *io*, “mimi”, hutumika pale tu panapotakiwa msisitizo, sawa na Kiswahili kisemavyo “mimi ninasema” kwa kutilia mkazo. Mtendwa naye, anapokuwa kiwakilishi, hutangulia kitenzi kilichonyambuliwa, kama kiambishi cha yambwa cha Kiswahili kinavyotangulia shina: *ti vedo* ni “ninakuona”, na *mi aiuti?* ni “utanisaidia?”. Swali la ndiyo au siyo haligeuzi mpangilio wa maneno, bali hupandishwa kwa sauti tu, na kukanusha ni kuweka *non* mbele: *capisco*, ninaelewa, *non capisco*, sielewi.

Ukaribu huo huonekana zaidi katika mambo ambayo Kiingereza huyasema kwa njia nyingine kabisa. Mwitaliano hana “kuwa mwenye njaa”. Ana njaa, kama Mswahili: *ho fame* ni nina njaa, *ho sete* nina kiu, *ho sonno* nina usingizi, *ho fretta* nina haraka, *ho paura* nina hofu, na *ho trent’anni* nina miaka thelathini. Vivyo hivyo, kitu kinachopendwa ndicho kiima cha sentensi: *mi piace questo libro* ni “kitabu hiki kinanipendeza”, na kikiwa kimoja kitenzi ni *piace*, vikiwa vingi ni *piacciono*, kama “kinanipendeza” inavyogeuka “vinanipendeza”. Mwanafunzi aliyezoea kutafsiri kichwani kwa Kiingereza hujitia katika shida ambayo hakuwa nayo, na ushauri wa mwongozo huu kwake ni kwamba akizuie Kiingereza kisiingie kati, hata kama kitabu anachokitumia kimeandikwa kwa Kiingereza.

Kwa mazungumzo ya mwanzo vitenzi kumi vinatosha, navyo ni *essere*, kuwa; *avere*, kuwa na; *fare*, kufanya; *andare*, kwenda; *venire*, kuja; *dire*, kusema jambo; *sapere*, kujua; *volere*, kutaka; *potere*, kuweza; na *dovere*, kulazimika. Vyote havifuati kanuni na hapana budi kukaririwa katika wakati uliopo; lakini vitatu vya mwisho hupokea kitenzi chochote kingine katika umbo lake la asili, lile linalolingana na “ku-” ya Kiswahili, na kwa njia hiyo mtu anayejua *posso*, *devo* na *vorrei* (“naweza”, “sina budi”, “ningependa”) anaweza kusema mamia ya mambo bila kunyambua vitenzi vingine. Wakati ujao unaweza kusubiri, kwa kuwa *domani vado a Roma*, “kesho naenda Roma”, ni Kiitaliano kamili. Wakati uliopita ndio unaofuata kwa umuhimu: huundwa kwa *avere* pamoja na umbo la kitendo kilichokamilika, kama *ho mangiato*, nimekula au nilikula, na kwa vitenzi vingi vya mwendo huundwa kwa *essere*, na hapo umbo hilo hupatana na mtendaji, hivyo mwanamume husema *sono andato*, nilikwenda, na mwanamke husema *sono andata*.

Jinsia ya nomino

Nomino za Kiitaliano zimegawanyika katika jinsia mbili za kisarufi, ya kiume na ya kike, mgawanyo ambao haumaanishi kwamba meza ina ujike wowote, bali ni ngeli tu, na msemaji wa Kiswahili aliyekwisha kumudu “kitabu chekundu, vitabu vyekundu” na “ua jekundu, maua mekundu” hatastaajabishwa na *libro rosso*, *libri rossi* na *casa rossa*, *case rosse*. Ugumu uko kwenye kibainishi, yaani neno dogo linalotangulia nomino, ambalo Kiswahili hakina: *il*, *lo* au *l’* kwa kiume katika umoja, *i* au *gli* katika wingi, *la* au *l’* na *le* kwa kike. Nomino ikaririwe pamoja na kibainishi chake kama neno moja, kwa sababu mwisho wake hautoi hakikisho: *il pane*, mkate, ni ya kiume na *la notte*, usiku, ni ya kike, *la mano*, mkono, ni ya kike japo huishia kwa *o*, na *il problema* ni ya kiume japo huishia kwa *a*.

Adabu, kaunta na saa

Kiitaliano kina namna mbili za kumwambia mtu “wewe”. *Tu* hutumika kwa ndugu, marafiki, watoto na vijana wa rika moja. *Lei* hutumika kwa mtu mzima asiyefahamika, kwa mkubwa na kwa afisa, na kitenzi chake huchukua umbo la “yeye”, hivyo *come stai?*, hujambo kwa rafiki, huwa *come sta?* kwa mwenye kustahili heshima. Mtu aliyelelewa kumwamkia mkubwa kwa shikamoo hahitaji kufafanuliwa kwa nini tofauti hiyo ipo, ila inambidi ajue kwamba mkubwa ndiye mwenye haki ya kupendekeza kuiacha, kwa maneno *possiamo darci del tu*. *Ciao* ni ya watu wa *tu*. Kwa wengine husemwa *buongiorno*, na tangu alasiri *buonasera*, na husemwa kila mtu anapoingia dukani au kwenye chumba cha kusubiri, kwa wote waliomo. Kwenye mlango wa nyumba ya watu husemwa *permesso?*, nayo hufanya kazi ya hodi, na mwenyeji hujibu *avanti*. Mwanamke huitwa *signora*, mwanamume *signore*, na mtu mwenye shahada ya chuo kikuu, hata asiye tabibu, huitwa *dottore* au *dottoressa*.

Mahali pazuri pa kujaribu haya yote ni *bar*, ambayo Italia ni mahali pa kunywea kahawa kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Mwenye kaunta husema *buongiorno, dica*, yaani “sema” kwa heshima. Mteja hujibu *buongiorno, vorrei un caffè e un cornetto, per favore*, “ningependa kahawa na andazi”, andazi ambalo kaskazini huitwa *brioche*. Mwenye kaunta akiuliza *altro?* anataka kujua kama kuna kingine, na jibu ni *no, grazie, quant’è?*, “hapana, ahsante, ni kiasi gani?”. Neno *caffè* peke yake lina maana ya kikombe kidogo cha kahawa nzito isiyo na maziwa, na anayeomba *latte* hupewa maziwa matupu. Katika *bar* zenye watu wengi mteja hulipa kwanza kwenye *cassa* na kupeleka stakabadhi, *scontrino*, kwenye kaunta; na kinywaji cha kusimama mara nyingi huwa rahisi kwa bei kuliko cha kuletewa mezani. Mazungumzo haya mafupi, yakirudiwa hadi yatoke bila kufikiriwa, yana *Lei*, kitenzi cha kuomba, vibainishi na namba ndani yake, na kwa maoni ya mwongozo huu yana faida kuliko orodha ya maneno mia mbili.

Saa ihesabiwe kwa uangalifu mkubwa. Mswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza na Mwitaliano huanza usiku wa manane, kwa hiyo saa tatu asubuhi ni *le nove*, yaani tisa, na saa moja jioni ni *le sette*, saba. Tena ratiba za treni na ofisi hutumia saa ishirini na nne, ambapo *le quindici*, kumi na tano, ni saa tisa alasiri. Afadhali mtu aulize mara ya pili kuliko kukosa treni.

Mazoezi na vyeti

Nusu saa kila siku hufaa kuliko saa nne za Jumamosi, na sehemu kubwa ya nusu saa hiyo iwe ya kusikiliza na kusema kwa sauti. Vipindi vya redio na televisheni vya Rai vinapatikana kwenye intaneti. Na Radio ya Vatikani, ambayo hutoa habari kwa Kiitaliano na kwa Kiswahili pia, inampa mwanafunzi nafasi adimu ya kusoma jambo lile lile kwa lugha zote mbili, awe Mkristo au asiwe. Kiswahili hufundishwa kwenye chuo kikuu cha L’Orientale, Napoli, na Waitaliano wanaojifunza Kiswahili huhitaji mtu wa kuzungumza naye kama vile Mswahili anavyomhitaji Mwitaliano, hivyo nusu saa ya lugha hii kwa nusu saa ya lugha ile ni mapatano ya haki yasiyogharimu fedha. Katika mazungumzo hayo sentensi tatu ziwe mdomoni daima: *può ripetere, per favore?*, “tafadhali rudia”. *Più piano*, “polepole zaidi”. Na *come si dice?*, “husemwaje?”, ikifuatwa na kidole kinachoonyesha kitu chenyewe.

Ngazi za ujuzi hupimwa kwa kipimo cha Baraza la Ulaya kinachoanzia A1 hadi C2, na vyeti vinavyotambuliwa ni CILS cha Siena, CELI cha Perugia, PLIDA cha Società Dante Alighieri, chama kilichoanzishwa mwaka 1889, na kile cha chuo kikuu cha Roma Tre. Anayeomba kibali cha kuishi Italia kwa muda mrefu hutakiwa kwa kawaida kuonyesha ngazi ya A2, na tangu mwisho wa mwaka 2018 anayeomba uraia kwa ndoa au kwa ukaazi hutakiwa B1. Aliyekwisha kufika Italia aende kwenye kituo cha serikali cha elimu ya watu wazima kiitwacho CPIA katika mkoa anaoishi, ambako wageni hufundishwa lugha kwa ada ndogo au bure. Na aliye Nairobi anaweza kuanzia katika Taasisi ya Utamaduni ya Italia. Asiyehitaji cheti asikingoje, bali atafute mtu wa kuzungumza naye wiki hii hii.